Vikubwa Sokoni, Vidogo Shambani

Subukia,
Jumapili, 11 Mei 2025

Kwako Mjomba Hiram,

Habari za huko juu Mau Narok? Huku tu wazima. Mvua imenyesha wiki mbili mfululizo, na barabara ya shule imekuwa tope tupu. Mimi nina mafua kidogo tu. Mwambie Aunti Gathoni sweta aliyonifumia inafanya kazi kila asubuhi. Na yule mjukuu wenu Kimberly, jino lake la mbele limeng'oka au bado analitingisha kwa ulimi?

Ningepiga simu, lakini mara ya mwisho tulikatiana. Kiptanui anayebeba viazi vyenu huleta chakula cha ng'ombe huku kila baada ya wiki mbili, na amekubali kubeba barua. Ameniuliza kama wewe na mimi ni wachumba wa zamani. Nimemwambia wewe ni kaka wa mama yangu, akasema basi hiyo ni mbaya zaidi.

Jambo lenyewe ni hili. Mwezi wa tatu nilikuwa nafundisha Kidato cha Nne mada ya mageuko ya viumbe. Msichana anayeitwa Cheruto, ambaye huuliza maswali mpaka kengele ilie, akasimama: "Mwalimu, wewe mwenyewe unaamini Mungu aliumba, ama unaamini hizi za kitabu?" Nikamwambia mtihani hauulizi ninachoamini. Akasema, "Si mtihani unauliza. Ni mimi." Darasa zima likacheka. Nikajibu kwamba ushahidi wa mageuko nauona kuwa wa kweli, na kuhusu Mungu, sijui tena. Maneno mawili hayo ya mwisho yalifika kwa wazazi kabla sijafika nyumbani.

Mzazi mmoja alilalamika kwa kanisa linalofadhili shule. Unajua mimi si mwalimu wa serikali. Nimeajiriwa na bodi, kwa mkataba wa mwaka mmoja mmoja. Kamati ya kanisa sasa inataka barua, kabla ya Juni 30, kutoka kwa mzee wa kanisa la nyumbani, ikithibitisha kwamba mimi ni muumini mwenye msimamo mzuri. Bila barua hiyo mkataba unaisha. Mzee wa kanisa la nyumbani ni wewe.

Kuhusu Pasaka. Ulikuwa ukimweleza Kimberly jinsi jicho lilivyobuniwa, nami nikacheka mbele ya wageni wako. Kwa kucheka naomba radhi. Kwa nilichosema baada ya kucheka, bado.

Mpwa wako,
Joan


Mau Narok,
Jumatatu, 2 Juni 2025

Joan, mwana wa dada yangu,

Barua yako ilifika Mei 20. Sijachelewa kujibu kwa sababu ya kazi. Nilichelewa kwa sababu nilikuwa nafikiri.

Tuko salama. Kwa kipimo changu cha mvua, Mei imeleta milimita 164, zaidi ya mwaka jana. Ng'ombe mweusi amezaa ndama jike. Jino la Kimberly liling'oka kwenye mkate, kanisani, wakati wa chai. Aunti yako anauliza kama unakula.

Barua ya kamati siandiki. Nimekuwa mzee wa kanisa miaka kumi na tisa. Saini yangu imepeleka watu vyuoni, imewapeleka kuoa na kuolewa, na haijawahi kusema jambo ninalojua si kweli. Tangu tumzike mama yako Agosti 2022, hujashiriki Meza ya Bwana hata mara moja. Sikukuhesabia kwa ubaya. Daftari la washiriki liko kwangu.

Ulichosema baada ya kucheka nilikisikia. Uliuliza Mbunifu huyo alikuwa wapi mwaka wa 2022. Sina la kuandika juu ya hilo katika barua inayobebwa na dereva.

Lakini la jicho nitakujibu. Ukikuta kombaini ya kuvunia imesimama katikati ya ngano, huulizi kama ni upepo uliokaza nati zake. Unajua kuna fundi. Jicho lina kazi nyingi kuliko kombaini. Hiyo ndiyo hoja yangu yote, na sioni inachekesha wapi.

Hoja ya pili ni ya shamba, na hii sikuisoma popote. Nyinyi mnasema viumbe vikiachwa, kidogo kidogo vinakuwa bora. Mimi nilianza na mbegu safi ya viazi mwaka wa 1997. Kila msimu nafanya kama baba yangu alivyofanya na kama kila jirani hapa anavyofanya: vikubwa vinaenda sokoni, vidogo vya ukubwa wa yai vinarudi shambani kuwa mbegu. Miaka ishirini na minane. Kama mageuko yenu yangekuwa ya kweli, viazi vyangu vingekuwa vimepanda cheo. Vimeshuka. Zamani kiazi kimoja kilijaza kiganja. Siku hizi Kimberly anaokota vitatu kwa mkono mmoja. Kitu kikiachwa bila wa kukishika kinaharibika, hakijitengenezi.

Jibu hilo, mwalimu.

Mjomba wako,
Hiram


Subukia,
Jumamosi, 14 Juni 2025

Mjomba Hiram,

Pongezi kwa ndama. Mwambie Kimberly jino jipya likitoka nalitaka kwenye picha. Mwambie Aunti nakula, ila ugali wa shule unapikwa na mtu mwenye hasira.

Barua yako nimeisoma mara nne. Umekataa, nimekuelewa, na sitakuomba tena. Wacha niseme na hili ulisikie kwangu: Mzee Jamleck, mzee mwenzako wa kanisa, alinipigia Jumatano. Sijui alipataje habari. Alisema, "Mwalimu, hiyo ni karatasi tu. Nipe jina la mwenyekiti wa kamati, dakika tano nimemaliza." Nilimshukuru.

Sasa hoja yako ya shamba. Mjomba, soma tena ulichoandika. Hukuviacha viazi. Umekuwa ukivichagua, mara mbili kila mwaka, kwa miaka ishirini na minane.

Nieleze polepole. Kuna virusi vya viazi vinavyobebwa na wale wadudu wadogo wa kijani wanaokaa chini ya majani. Mmea ulioambukizwa haufi. Unadumaa, majani yanajikunja kama kikombe au yanakuwa na madoa ya manjano, na chini unazaa viazi vichache, vidogo. Ndani ya kila kimoja virusi vimo. Mmea mzima unazaa vikubwa. Wewe unauza watoto wa mmea mzima, halafu unapanda watoto wa mmea mgonjwa. Msimu unaofuata wagonjwa ni wengi zaidi, na unachagua tena vidogo. Kama ungekaa chini upange namna ya kuharibu mbegu, usingepata njia nzuri kuliko hiyo.

Si wewe peke yako. Ni ukanda wote huo. Mtu akiwa na kiazi kikubwa anaona uchungu kukifukia.

Kinachochaguliwa ndicho kinachoongezeka, kiwe kizuri au kibaya. Mageuko hayasemi vitu vinakuwa bora. Viazi si mageuko yote, ni mlango wake tu, lakini umesimama mlangoni tangu 1997.

Usiniamini. Jaribu. Ulipanda Aprili 19, kwa hivyo karibu Juni 20 vitachanua. Kabla maua hayajaanguka, tembea na vijiti. Chomeka kijiti kando ya kila mmea ulio mrefu, wa kijani kibichi, wenye majani yaliyonyooka. Baada ya wiki mbili rudi, na mmea wowote ulioanza kuugua uung'olee kijiti. Wakati wa kuvuna, chimba penye vijiti kwanza, na mbegu itoke hapo tu, hata kama ni kubwa. Fanya haraka, maua hayasubiri.

Aunti aliniambia kwa simu msimu uliopita mlivuna magunia thelathini na moja tu kwa ekari. Wewe hukuniambia.

Mpwa wako,
Joan


Mau Narok,
Jumapili, 29 Juni 2025

Joan,

Tuko salama. Baridi imeingia. Asubuhi ya leo maji ya kuku yalikuwa na ngozi ya barafu.

Barua yako imenifikia Juni 26. Kiptanui alipata mzigo wa Eldoret, akalala Salgaa siku mbili lori likitengenezwa, na barua ikakaa siku kumi kwenye kioo cha mbele, chini ya leseni. Nilimgombeza. Akasema, "Mzee, si kuna WhatsApp?" Nikamwambia kwenye WhatsApp mtu hujibu kabla hajafikiri. Akasema basi ndiyo maana yeye hana maadui.

Maua yalikuwa yameanza kuanguka. Niliisoma barua kwa sauti mezani, nikasema sitaanza kilimo upya nikiwa na miaka sitini na sita. Aunti yako alikuwa ameshatoka nje. Alirudi na mzigo wa matawi ya mkalitusi na panga. Akasema, "Kama hutaki, sema sasa, nivitumie kuwasha moko." Moko ni jiko letu la kuni, kama umesahau.

Nimechomeka vijiti 212 katika nusu ekari. Nilidhani nitapata elfu moja. Nilitembea mistari minane kabla ya kupata mmea ambao ungeuita mzima. Ni shamba langu, nimepita humo kila siku, na sikuwa nimeliangalia. Sitasema zaidi.

Lakini nina pingamizi. Anayechomeka vijiti ni mimi. Nina macho, nina akili, nina nia. Mbegu ikipona, itakuwa imepona kwa sababu mtu mwenye akili alichagua. Hiyo ni hoja yangu, si yako. Umenipa panga ukasahau kushika mpini.

Jamleck alinikuta kwenye mashine ya kusaga unga. Alisema alikupigia, akasema ulimjibu kwamba hutaki barua ambayo mwandishi wake haiamini. Alikuwa anacheka. "Huyo msichana wenu ana kichwa kigumu, anakataa kusaidiwa." Mimi sikucheka. Jamleck ni rafiki yangu wa miaka thelathini, na tumepokea Meza ya Bwana pamoja asubuhi ya leo. Niliporudi nyumbani nilikaa kwenye gari bila kushuka.

Najua kesho ni Juni 30. Nimeandika barua ya kamati mara tatu na kuichana mara tatu. Ya kwanza ilikuwa uongo. Ya pili ilikuwa kweli na ingekufukuzisha kazi. Ya tatu haikusema kitu.

Hiram


Subukia,
Jumapili, 20 Julai 2025

Mjomba,

Nimefurahi kusikia mko salama. Huku baridi si ya barafu, ila wanafunzi wanakuja darasani wamejifunga shuka za kitandani, na Mwalimu Mkuu, Madam Jerotich, amejifanya haoni.

Juni 30 ilipita. Nilipeleka karatasi yangu mwenyewe, nikaandika kwamba barua ya mzee sina. Kamati haikunifukuza siku hiyo. Imeninyang'anya biolojia ya Kidato cha Nne, imenipa kilimo cha Kidato cha Pili, na itaamua Septemba 13. Madam Jerotich aliniita ofisini. Yeye ni mlokole wa kweli, anafunga kila Ijumaa. Alisema, "Joan, mimi naomba kila siku ubadilike. Na kila siku naomba usiondoke kabla ya mtihani wa Novemba. Mungu atajua aanze na lipi."

Biolojia sasa inafundishwa na mwalimu wa hesabu. Cheruto na wenzake kumi na mmoja wananifuata saa ya chakula, tunakaa kwenye ngazi za maktaba. Sijui kama ni kosa. Hakuna aliyenikataza kwa maandishi.

Pingamizi lako ni zuri, na nimelibeba wiki tatu. Nakubali nusu. Kijiti kina kichwa nyuma yake. Lakini kwa miaka ishirini na minane ulichagua ugonjwa, na hukuwa na nia hiyo hata siku moja. Uchaguzi ulifanya kazi bila kujali ulichokusudia. Halafu fikiria ukungu unaochoma majani ya viazi wakati wa mvua. Uliwahi kuniambia dawa uliyokuwa ukipiga zamani haiuui tena. Nani alibuni ukungu sugu? Hakuna aliyeutaka. Dawa iliua uliokufa, uliobaki ukazaa. Hapo hakuna kijiti wala mwenye kijiti.

Nusu nyingine sina jibu lake. Kiazi hakiwezi kuniambia kama kuna aliyeanzisha yote. Mimi siwezi kukuonyesha kwamba Mungu hayupo, na nikikuambia naweza, nitakuwa nafanya alivyotaka kufanya Mzee Jamleck. Nilienda mara mbili kwenye kikundi cha wasioamini kinachokutana mjini Nakuru. Mara ya kwanza nilifurahi, kwa sababu hakuna swali lililokatazwa. Mara ya pili mama mmoja kwenye meza ya jirani alifumba macho akaombea chipsi zake, nao wakamcheka mpaka akasikia. Alikuwa amevaa kitambaa kama cha mama. Sikurudi.

Sasa niseme nilichokiacha kwenye Pasaka. Mama aliomba miezi kumi na nne. Wewe uliomba naye. Mimi niliomba pia, Mjomba, kwa bidii kuliko nyinyi wote, hukujua kwa sababu nilikuwa nafanya hivyo bafuni, kwenye hosteli ya chuo. Alipokufa, mtu alisema kaburini kwamba kila kitu kina mpango. Ulikuwa wewe.

Je, vijiti vingapi vimebaki?

Joan


Mau Narok,
Jumamosi, 23 Agosti 2025

Joan mwanangu,

Salamu kutoka kwa wote. Aunti yako ana goti linalomsumbua kwenye baridi, lakini anatembea. Kimberly amejifunza kuendesha baiskeli na amebomoa ua wa kuku.

Barua yako ilifika Julai 23. Sijajibu mpaka leo kwa sababu nilikuwa nasubiri kuvuna, na kwa sababu ya mstari wa mwisho wa ile aya ya kaburini.

Ni kweli nilisema hivyo kaburini. Nilikuwa nimeombwa kusema neno, na hilo ndilo lililokuwa karibu. Nilikuwa namzika dada yangu mdogo na nilitaka kuwe na mpango. Bado nadhani upo. Lakini sikuwa na haki ya kukupa wewe siku ile, udongo ukiwa bado haujatua. Nisamehe. Kusema hivi kumenichukua mwezi mzima.

Sasa mavuno. Vijiti vilibaki 187. Nilichimba penye vijiti kwanza kama ulivyosema, nikahesabu viazi vya kila shina na kuvipima kwa mizani ya maziwa. Kwa wastani, penye kijiti: viazi kumi na kimoja kwa shina. Pasipo na kijiti, nilipima mashina 187 pia ili iwe haki: viazi vitano. Nilirudia hesabu kwa sababu sikuiamini. Kimberly akahesabu, akapata sawa na mimi. Aunti yako hakuhesabu. Alisimama pale na goti lake akasema, "Miaka ishirini na minane, mzee."

Mbegu ya vijiti iko stoo, kwenye mwanga kidogo, imetengwa. Vimo vikubwa. Niliona uchungu kutoviuza, lakini nimeviacha.

Ndani ya bahasha hii kuna barua ya nne. Haijafungwa. Isome kwanza. Kama itakudhuru, ichome, na usiniambie.

Mjomba wako,
Hiram


[Ndani ya bahasha hiyo hiyo]

Mau Narok, 23 Agosti 2025

Kwa Kamati ya Kanisa inayosimamia shule, Subukia.

Mimi ni Hiram, mzee wa kanisa, na mjomba wa mwalimu Joan.

Mmeuliza kama yeye ni muumini mwenye msimamo mzuri. Jibu ni hapana. Hajashiriki Meza ya Bwana tangu Agosti 2022. Anasema hajui kama Mungu yupo, na mimi namwamini anaposema hajui.

Mimi naamini Mungu aliumba mbingu na nchi. Nimejadiliana naye kwa maandishi kwa miezi mitatu na sijabadilika, wala yeye. Mtu yeyote akiwaambia kwamba barua hii inaunga mkono mageuko, hajaisoma.

Mambo mawili hamkuuliza, na nayajua.

La kwanza. Mwezi wa sita alipewa nafasi ya kupata barua ya uongo, yenye saini ya kweli, ambayo ingemaliza shida yake kwa dakika tano. Aliikataa. Kazi yake ilikuwa hatarini na hakuna ambaye angejua.

La pili. Kwa miaka ishirini na minane nilipanda mbegu yenye ugonjwa nikidhani nafanya vyema, na majirani zangu wote, watu wa sala, wanafanya hivyo mpaka leo. Yeye alisoma mistari minne ya barua yangu akaliona kosa. Aliliona kwa kutumia somo ambalo mnataka aache kufundisha. Nimehesabu mazao mwenyewe, na hesabu nimeiambatisha.

Sina la kuwaambia kuhusu imani yake. Kuhusu ukweli wake, saini yangu ipo.

Hiram


Subukia,
Jumapili, 21 Septemba 2025

Mjomba wangu Hiram,

Pole kwa goti la Aunti. Nimemtumia dawa ya kuchua kwa Kiptanui. Ameapa haitafika Eldoret. Ua wa kuku umerekebishwa?

Barua yako ya kamati sikuichoma. Niliisoma nikiwa nimesimama, kisha nikampelekea Madam Jerotich. Lile la kaburini limekwisha, Mjomba. Limekwisha kwangu.

Kikao kilikuwa Jumamosi ya Septemba 13. Niliambiwa nisubiri nje, kwa hivyo nakueleza alivyonieleza Madam Jerotich. Aliisoma barua yako yote kwa sauti. Aliposoma "Jibu ni hapana," mwenyekiti alisema, "Basi tumemaliza." Madam akamwambia, "Sijamaliza ukurasa." Akaendelea. Alipofika kwenye viazi, wakulima wawili wa kamati wakaanza kuulizana. Mmoja ni yule mzazi aliyelalamika. Aliuliza, "Huyu mzee anasema vidogo ndivyo vinavyoleta shida?" Madam akasema ndivyo alivyoandika. Akauliza, "Na sisi huwa tunapanda nini?" Walizungumza viazi nusu saa, mpaka mwenyekiti akagonga meza na kusema hiki si kikao cha ushirika wa wakulima.

Walipiga kura. Watano kwa wanne. Mkataba umeongezwa mwaka mmoja na nimerudishiwa Kidato cha Nne. Masharti ni mawili: ibada ya asubuhi iongozwe na mtu mwingine, na mwanafunzi akiniuliza ninachoamini, nimwambie aulize nyumbani. La kwanza ni haki. La pili nimelitia saini, lakini nilimwambia mwenyekiti kwamba sitamdanganya mtoto. Akasema, "Hilo tumeshaambiwa na mjomba wako."

Watano kwa wanne ni kidogo. Mwakani wanaweza kubadilika. Lakini Jumatatu niliingia darasani, na Cheruto alikuwa ameshaandika ubaoni maswali saba.

Naomba debe moja la mbegu ya vijiti kwa shamba la shule. Yule mzazi pia ameniuliza kama utakuwa nayo ya kuuza mwaka ujao, ila hakutaka kuniangalia usoni. Kidato cha Pili watapanda nusu yako na nusu ya mbegu ya sokoni, nao watahesabu wenyewe. Sitawaambia matokeo.

Mpwa wako,
Joan


Mau Narok,
Jumatatu, 8 Desemba 2025

Joan,

Tuko wazima. Mvua ya vuli ilikuwa haba, milimita 71 tu mwezi wa Novemba. Goti la aunti yako limepata nafuu na anasema dawa yako inanuka kama basi la Kisumu.

Nilipanda mbegu ya vijiti Oktoba 2. Jana asubuhi, kabla ya kanisa, niliingia shambani na kuhesabu mmea mmoja mmoja katika mistari minane ya kwanza, ile ile ya mwezi wa sita. Kati ya mimea 320, inayostahili kijiti ni 241. Iliyobaki ni migonjwa, kwa sababu wale wadudu wa kijani huvuka kutoka mashamba ya jirani, na nimemweleza Jamleck hivyo. Alikuja kuomba mbegu. Nimempa vijiti kwanza, aanze na viazi vyake. Kuhusu ile simu ya mwezi wa sita nilimwambia ninavyofikiri, tukiwa wawili. Hatukusalimiana wiki mbili, sasa tunasalimiana.

Bado nasema anayechomeka kijiti ana akili. Nimepata na hoja mpya juu ya ukungu, ndefu, siiandiki hapa. Nataka kuona uso wako nikiisema.

Maua yataanza kuanguka karibu na tarehe 20. Shule zimefungwa, kwa hivyo huna kisingizio. Kuna matawi yaliyokatwa tayari nyuma ya stoo, kama mia tatu, na Kimberly ameyachonga ncha. Mezani nitaomba kabla ya chakula, kama kawaida, na huhitaji kufumba macho. Kisha tutaingia shambani, wewe ushike mistari ya kushoto, mimi ya kulia. Macho yangu siku hizi yanakosa madoa madogo ya manjano.

Njoo kabla maua hayajaanguka.

Hiram